Mlango tulioupaka rangi bure ulivyokwamisha retainage yetu Minnesota, miaka ya 90

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kuna uzi humu wiki hii mafundi wanalia na makandarasi wanaobana hela ya mwisho. Nimesoma komenti zote. Kuna mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Marekani upuuzi huo haupo, kule kuna sheria.

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Sheria zipo, ndugu yangu. Nimezisoma kwa macho yangu haya, na zimeandikwa vizuri. Na bado yalinikuta yaliyonikuta. Nawasimulia kama yalivyotokea, sitatia chumvi, iliyomo inatosha. Majina nimeyabadili na kampuni sitaitaja, kwa hiyo msinisumbue PM.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa naishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, kwenye zile apartment ambazo jioni ngazi nzima inanuka vitunguu vya Wakenya na pilipili za Waliberia. Nilikwenda kama mwanafunzi, shule ikanishinda ada, baadaye Mungu akanijalia nikapata green card kwa ile bahati nasibu.

Mke wangu, Zuhura, nilimwacha Tanga akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa mimi niko kwenye barafu. Salma.

Nilikuwa namjua kwa picha tu. Kwenye simu alikuwa haongei. Ukimwekea simu sikioni anapumua. Kadi ya simu nzima inaisha nasikiliza mtu anapumua, na sikuwa na moyo wa kusema mrudishie mama yako.

Sasa, kwa kuwa nilipata green card kwa bahati nasibu, mke na mtoto nao wana haki ya kuja. Zuhura akahangaika na makaratasi, vipimo, picha, ubalozini rudi kesho. Mwisho wakagongewa visa wote wawili.

Lakini visa ile ina siku ya mwisho ya kuingia Marekani. Siku hiyo ikipita kabla hujatua airport, imekufa. Na bahati nasibu haikungoji uende mwaka mwingine useme nilichelewa.

Kwa hiyo nilichokuwa nahitaji ni kimoja tu: tiketi mbili kabla baridi haijaisha. Shikeni hapo.

Kazi yangu ilikuwa rangi. Nilikuwa na mshirika, Mkenya wa Bungoma, tumwite Wafula. Yeye alikuwa akifanya kazi nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwalisha, kama wenzetu wengi wa kule. Mgongo ukamkataa, akaniambia, "Wewe Mbongo, si tuanze business yetu? Rangi haiwezi kukulilia usiku." Tukanunua van mbovu, ngazi, roller, tukaanza kupaka apartment watu wakihama.

Tukajituma. Kazi zikakua. Mwaka huo tukapata kazi ya kwanza ya maana: shule ya serikali upande wa Crystal, kitongoji jirani, ilikuwa inaongezewa jengo jipya, ubavuni mwa lile la zamani. Mkandarasi mkuu alikuwa na ofisi yake Plymouth, kitongoji kingine cha hukohuko. Tumwite Dale. Sisi tulikuwa subcontractor wake, yaani yeye kachukua kazi nzima kwa wilaya ya shule, ile mamlaka ya shule za eneo, sisi katugawia kuta. Kuta za madarasa na korido. Milango haikuwa yetu, ilikuwa na watu wake.

Sasa nieleze retainage kwa wasiojua. Makandarasi wa nyumbani mnaiita retention. Kila ukileta bili ya kazi uliyokwisha kuifanya, bosi hakulipi yote. Anabakiza kipande. Anasema nitakupa kazi yote ikikamilika na kukaguliwa, ili usinikimbie. Siyo mkopo, siyo zawadi, ni jasho lako limekaa kwa mtu mwingine.

Dale alikuwa anabakiza asilimia kumi. Tulisaini wenyewe. Nani angebisha? Tulikuwa tunaona tumepata ulaji.

Wenye biashara ndogo mtanielewa: zile hela za kila mwezi zinakwenda kwenye rangi, mafuta ya gari, vibarua wetu wawili, kodi ya nyumba. Hakuna kinachobaki. Faida yote ya kazi ile, tangu brashi ya kwanza, ilikuwa ndani ya ile asilimia kumi. Ndiyo hela niliyomwambia Zuhura, "Tulia, tiketi zenu ziko ukutani, nikimaliza kupaka nazibandua."

Nilijiona msemaji kweli.

Kazi ikaenda vizuri. Sijisifu, ila kuta zile zilikuwa zimenyooka. Wafula alikuwa na mkono, akikata kona kwa brashi huoni alipopita. Hata msimamizi wa Dale alikuwa anapita anatingisha kichwa, na watu wa Minnesota kutingisha kichwa ndiyo sifa ya juu, hawana mbwembwe.

Pale shuleni palikuwa na mzee anayetunza majengo, fundi wa bomba, mfagiaji, mwenye funguo zote. Tumwite Vern. Mzungu mrefu, mgongo umepinda, amebakiza muda mfupi astaafu. Huyu mzee alitupenda. Kulipokuwa na baridi ya kukata masikio alitufungulia chumba cha boiler, ule mtambo wa kupasha jengo joto, tukae tule humo. Akatuachia microwave yake. Wafula akawa anapasha ugali, mzee anauliza ni nini, anaonja, anasema ni sawa, ingawa sura ilikuwa inasema jambo jingine.

Sasa mlango wa hicho chumba cha boiler ulikuwa wa chuma, kuukuu, wa jengo la zamani. Umechubuka, kutu chini, rangi imebanduka. Siku moja Vern aliutazama akasema mlango huu unanikera kila asubuhi, miaka yote hii hakuna anayeupaka rangi. Akacheka, akaondoka na ndoo yake.

Hakuomba. Nasisitiza hapo kwa sababu tutarudi.

Nyinyi mmekulia kulekule nilikokulia mimi. Ukinunua mafungu matatu ya nyanya, mama muuzaji anakurushia moja juu, nyongeza. Fundi akikushonea suruali, anakukazia na kifungo cha shati uliyovaa. Ndiyo ustaarabu wetu. Fundi asiyetoa nyongeza watu wanamwona mchoyo na hawamrudii. Mimi baba yangu alikuwa fundi baiskeli, sikuwahi kumwona anamrudishia mtu baiskeli bila kumtilia mafuta kwenye mnyororo.

Basi siku tunamalizia, nikamwambia Wafula, tumpakie mzee mlango wake.

"Si hiyo haiko kwa contract?"

"Ndiyo maana yake nyongeza. Ingekuwa kwenye mkataba ingekuwa kazi."

Akasema sawa, tukaingia kazini. Tukakwangua kutu, tukapiga primer ya kuzuia kutu, tukapaka mikono miwili, mbele, nyuma, na ubavuni. Ubavuni kote, mpaka upande wa bawaba. Hatukuacha hata kidole. Vern aliporudi akasimama akasema, "Oh, you guys," yaani jamani nyie. Tukapeana mikono. Nilirudi nyumbani nimefurahi siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi ile.

Sikujua kwamba mlango wa chumba cha boiler si mlango tu. Ni mlango wa kuzuia moto. Ubavuni, upande wa bawaba, una kibandiko kidogo cha kiwandani kinachosema mlango huu unastahimili moto kwa muda gani. Mkaguzi akija anafungua mlango, anainama, anakisoma. Asipokisoma, kwake huo siyo mlango wa moto, hata uwe mnene namna gani.

Kila mpaka rangi wa milango Marekani anajua unakiziba kibandiko kwa utepe kabla ya kupaka. Sisi tulikuwa watu wa kuta. Hakuna aliyetufundisha milango kwa sababu milango haikuwa yetu.

Mkaguzi wa zimamoto akaja kukagua shule nzima, jengo jipya na la zamani. Akainama. Akakuta rangi safi kabisa, mikono miwili.

Dale akaniita kwenye pager, maana simu za mkononi hatukuwa nazo. Nikampigia kutoka kwenye simu ya gas station. Kwa upole wote akaniambia kuna mlango, rekebisheni. Hawa watu hawagombi. Anakwambia nyumba yako inaungua kwa sauti ileile anayokutakia weekend njema.

Tukaenda na dawa ya kutolea rangi. Tukapaka kidogo, tukangoja, tukafuta taratibu kwa kitambaa. Rangi ikatoka. Na maandishi nayo yakatoka! Kumbe kibandiko kilikuwa cha plastiki. Tukabaki na kiplastiki kinachong'aa, cheupe pe, hakina hata herufi moja.

Wafula alikaa chini sakafuni. "Manze," akasema.

Mkaguzi akasema basi, mlango ubadilishwe, wote na fremu yake, hauna tena uthibitisho. Na ule ulikuwa wa kipimo cha zamani, hauuzwi dukani, unaagizwa utengenezwe. Wiki kadhaa.

Dale naye akasema kazi yenu haijakamilika. Retainage yenu inabaki mpaka mlango mpya umefungwa na mkaguzi ameridhika.

Yote wakuu. Siyo gharama ya mlango. Jasho lote la kuta zote, limefungiwa nyuma ya mlango mmoja ambao haukuwa hata kazi yetu.

Hapo kalenda yangu ya ukutani nilikuwa siitazami. Nikipita jikoni natazama upande mwingine. Nikiongea na Zuhura, ananiambia ameshampunguzia Salma nywele, ameshanunua begi, mtoto analala nalo. Nami namjibu, "Mambo yanakwenda." Sikuwa na ujasiri wa kumwambia habari za kibandiko. Hata ningemwambia, angeelewa nini? Mlango umebanduka maandishi ndiyo sisi tusije?

Nimeondoka kidogo, nimerudi. Naona komenti zimeshaanza. Mmoja anauliza kwa nini nisikope. Ndugu, nilikuwa nimekopa. Rangi yote ya kazi ile tuliichukua kwa mkopo dukani, na kadi zangu mbili za benki zilikuwa zimejaa mpaka shingoni. Watu wa nyumbani pale Minneapolis walikuwa wametoka kuchangia kusafirisha maiti ya kijana wetu mmoja, kila mtu mfuko umetoboka. Wafula yeye baba yake alikuwa amelazwa Eldoret na kila alichokuwa nacho kilikuwa kinakwenda huko. Kwa hiyo naomba swali hilo liishie hapo.

Naendelea.

Jumapili moja, binti mmoja wa Kitanzania aliyekuwa anasoma chuo kikuu pale akaniuliza swali la kawaida kabisa: hiyo shule yenyewe imemlipa Dale au haijamlipa?

Nikagundua sijui. Wala haikunijia kwamba naweza kuuliza. Kwetu ukishafanya kazi chini ya mtu, huendi kumruka ukaongea na mwenye mali. Ni utovu wa adabu na ni njia ya kukosa kazi. Wafula alikuwa na mawazo hayohayo, ila yeye alikuwa na njia yake: "Twende kwa lawyer. Dale akiona barua ya lawyer ata-panic."

Lawyer kwa hela ipi?

Jumatatu nikavaa shati, nikaenda ofisi ya wilaya ya shule, dirisha la mambo ya fedha. Akanihudumia mama mmoja, tumwite Joyce. Nilimweleza kwa kujikanyaga, nikitegemea anifukuze. Hakushangaa wala nini. Akasema hii ni kazi ya umma, maswali hayo mtu yeyote anauliza. Akafungua droo.

Nilichosikia pale kilinitoa jasho na nje kuna theluji.

Kwanza, sheria ya jimbo ilikuwa inasema taasisi ya umma hairuhusiwi kumbakizia mkandarasi zaidi ya asilimia tano. Tano. Wilaya ilikuwa inambakizia Dale tano, Dale anatubakizia sisi kumi. Nikamuuliza, hilo si kosa? Akasema sheria hiyo inawabana wao na Dale. Baina ya Dale na sisi ni mkataba tuliousaini. Maana yake nusu ya hela yetu ilikuwa imekaa kwa Dale siku zote, wilaya haijawahi hata kuibakiza. Alikuwa anaitumia kama benki yake.

Pili, wilaya ilikuwa imeshamwachilia Dale karibu yote ya kwake. Wamebakiza kiasi cha kutosha mlango tu.

Tatu, na hapa nilimwomba arudie: mkandarasi mkuu akishalipwa na shule, sheria inamtaka amlipe subcontractor ndani ya siku kumi, na akichelewa kuna riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi. Kwa kazi isiyo na mgogoro.

Akanitolea fotokopi ya ukurasa wa sheria, akaniwekea kalamu chini ya neno lile, undisputed. Akaniambia, "Hilo ndilo neno lako." Kisha akaita aliyefuata kwenye foleni.

Nikakaa kwenye van nikaelewa. Kuta zetu hazikuwa na mgogoro wowote. Mgogoro ulikuwa kwenye mlango. Na mlango tuliuleta wenyewe, bure, kwa ukarimu wetu. Tusingetoa nyongeza, Dale asingekuwa na pa kushika.

Nilijichukia siku ile, wakuu. Nilipiga usukani mpaka honi ikalia na watu wakageuka.

Tukaenda Plymouth, mimi na Wafula. Ofisi ya Dale ilikuwa kwenye majengo mafupi yanayofanana, maghala nyuma, ofisi mbele. Akatukaribisha kahawa. Nikaweka fotokopi mezani, nikasema kuta hazina mgogoro, umeshalipwa, tulipe.

Akasoma. Akavua miwani. Nitamsifu kwa hili, hakujifanya haijui. Akasema sawa, kuta nitawalipa ndani ya siku kumi. Lakini mlango, fremu, mtu wa kuufunga na usumbufu wote, nazuia kwenye hela yenu mara mbili ya makadirio mpaka ufungwe na kukaguliwa. Kinachobaki nitawarudishia.

Nikapiga hesabu kichwani. Ukitoa hiyo, ukalipa duka la rangi lililokuwa linatutishia mahakama, ukawamalizia vibarua, tukagawana mimi na Wafula, fungu langu lilikuwa tiketi moja. Moja na senti za chai. Tiketi ya mtoto ilikuwa ndani ya ule mlango.

Kisha Dale akaniuliza swali.

"Mlango huo haumo kwenye kazi yenu. Kuna mtu wa shule aliyewaambia muupake? Kama yupo, basi ni gharama ya shule, mimi nawalipa yote leo na naidai wilaya."

Wafula akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jina la Vern lilikuwa mdomoni. Na lisingekuwa uongo mzima, wakuu. Alisema mlango unamkera. Alitufungulia. Alituona tukipaka na akafurahi. Ningesema "ndiyo, mzee wa funguo," tungetoka pale na cheki kamili.

Lakini hakuomba. Na nilijua kitakachompata mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, ikiandikwa kwamba aliruhusu watu wachezee mlango wa moto wa chumba cha boiler chenye watoto mamia juu yake.

Nikasema, "Hakuna aliyetuambia. Ilikuwa zawadi yetu."

"A gift," Dale akasema, kama mtu anayejaribu kiatu. Akaandika karatasi, tukasaini: kuta hazina mgogoro, mlango una mgogoro.

Kwenye maegesho Wafula alinifokea kwa Kibukusu. Sijui alisema nini na sijawahi kuuliza. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Ungemtaja tu, bana. Wazungu wangeelewana wao kwa wao." Nikawasha van, tukarudi Brooklyn Park.

Cheki ya kuta ilikuja ndani ya zile siku kumi, kama sheria inavyosema. Nikampigia Zuhura. Nikamweleza yote, kibandiko, mlango, Vern, yote.

Akasikiliza. Akasema, "Basi tusije."

Nikamwambia ukikaa, visa zote mbili zinakufa. Ukija, angalau moja inaishi, na ukiwa huku tutafanya kazi wawili, nitamwombea Salma upya kama mtoto wa mwenye green card. Wanasema foleni yake siyo ndefu sana.

"Wanasema nani?"

Tulibishana siku nzima kwa kadi tatu za simu. Mwisho alikuja. Salma akabaki kwa bibi yake, mama wa Zuhura, pale Tanga.

Mlango mpya ulifungwa, mkaguzi akainama, akasoma, akaridhika. Dale alirudisha kilichobaki bila kuchelewa hata kidogo. Kilitosha tiketi ya mtoto na chenji. Visa yake ilikuwa imekufa siku chache kabla.

Zuhura nilipomwonyesha ile cheki aliiangalia, akaiweka mezani, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Sasa mafunzo, kabla sijamaliza, maana najua kuna vijana humu wanafanya kazi hizi.

Kwanza msigawe nyongeza kabla ya cheki ya mwisho. Mkishalipwa yote, mpakieni hata paa bure. Kabla ya hapo mkono wenu usiguse kisicho kwenye mkataba, maana mtu mwenye hela yenu anatafuta pa kushika na nyinyi mnampa mpini. Halafu ulizeni mwenye mali kama ameshamlipa bosi wenu, kwenye kazi za umma siyo utovu wa adabu. Na likitokea tatizo, tenganisheni mapema kwa maandishi kilicho na mgogoro na kisicho na mgogoro. Mimi ningekwenda kwa Joyce wiki ya kwanza, mambo yangekuwa mengine. Sheria zenyewe zimebadilika tangu wakati ule, kila jimbo na zake, kwa hiyo msininukuu, muulizeni wakili wa mahali mlipo.

Vern alistaafu bila kujua chochote. Nilimwona mara moja baadaye kwenye duka la vifaa, akanikumbatia, akaniulizia Wafula. Nikasema tuko salama.

Ile foleni ambayo siyo ndefu ilichukua miaka mitatu na kitu.

Siku Salma alipofika tulikuwa airport mapema mno. Alikuja na mama mmoja msamaria aliyekuwa anasafiri njia hiyo. Amekuwa mrefu, ana sweta kubwa, anatembea nyuma ya yule mama kwa adabu. Zuhura akamkimbilia, wakashikana, wakalia hapohapo katikati ya watu na mizigo yao.

Mimi nikasimama nangoja zamu yangu. Zuhura akamgeuza kwangu, bado analia, hakuweza kusema.

Mtoto akanitazama. Bibi yake alikuwa amemlea vizuri. Akapiga goti, akanipa mkono.

"Shikamoo, mjomba."

Nikaitikia, marahaba. Ningesema nini?

Wakuu, watu huniuliza kama nilijuta kutomtaja yule mzee. Pale airport, nikiwa nimeshika kale kamkono, nilijuta. Siku nyingine sijuti. Leo naandika hapa na sijui niko upande gani.

Kwa hiyo sisubiri pole zenu, nazijua. Semeni ukweli, kila mtu na wake: ungekuwa kwenye kile kiti mbele ya Dale, ungemtaja?